Arki ya Lavani: Kutafuta Jina la Kwenye Chupa

Desemba iliyopita jirani yangu mpika keki alibisha hodi akiwa na chupa tatu ndogo za kahawia na karatasi za kunata zisizoandikwa kitu. "Mwalimu," akasema, "wewe si mtu wa maneno? Niandikie jina la hiki kitu kwa Kiswahili, mimi nimeshindwa." Nikafungua kizibo kimoja. Sikuhitaji kuinua chupa puani, harufu ilikwishafika. Ilikuwa vanila, lakini vanila nzito, yenye mambo mengi ndani yake: mbao kavu, zabibu, tumbaku kidogo, asali. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyoachwa jikoni mpaka ikakolea kupita kiasi.

Jirani yangu ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera. Mama yake bado ana vanila inayopanda kwenye mibono katikati ya migomba, na kila mwaka humtumia bintiye fungu moja kwa basi la Dar es Salaam, limeviringwa katika karatasi ya kaki. Mwezi wa sita binti alizipasua vanila hizo kwa kisu, akaziloweka katika vodka, akazificha kabatini nyuma ya unga wa ngano. Miezi sita baadaye alikuwa na kitu kizuri kuliko chochote alichowahi kununua dukani, na hakuwa na neno la kukiita. Chupa za kwanza aliziandika kwa Kiingereza. Mteja mmoja akamuuliza kama ni dawa ya kikohozi.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua wiki mbili, na katika wiki hizo niligundua kwamba jiko la pwani lilikuwa na jina siku zote. Sisi wenye kamusi ndio tuliolipita mlangoni tukienda kutafuta mengine mbali.

Neno la kwanza kunijia lilikuwa dondoo. Ndilo linaloandikwa siku hizi kwenye vifungashio: dondoo la mwarobaini, dondoo la chai ya kijani. Linatokana na kitenzi kudondoa, nami nikajiuliza ni nani hasa anayedondoa. Kuku hudondoa punje uani. Mtu aliyemwaga mchele huudondoa sakafuni, chembe baada ya chembe. Mwandishi hudondoa sentensi kitabuni, ndiyo maana magazeti yana dondoo. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja kitu kinachoonekana kwa macho. Vanila haidondolewi. Kinachotoka ndani yake hutoka chenyewe, bila kuonekana, huku mlango wa kabati umefungwa.

Wanakemia wana neno lao, ziduo, na kitendo chake ni uziduaji. Ni neno zuri darasani. Lakini Mtanzania akisikia "tasnia ya uziduaji" anaona dhahabu ya Geita na gesi ya Mtwara. Anaona mashine, mashimo na malori. Siwezi kumbandikia mpika keki neno lenye vumbi la mgodi. Nilijaribu pia kiini, nikaliacha upesi: kiini cha yai kipo ndani ya yai na unaweza kukionyesha kwa kidole, ilhali hakuna mahali ndani ya vanila unapoweza kugusa ukasema hiki ndicho. Esensi nayo, neno la Kilatini lenye mzizi wa kitenzi cha "kuwa", ni la wanafalsafa lililopotea njia likaingia dukani.

Ndipo nilipompigia simu shangazi yangu Unguja.

"Shangazi, ile chupa ndogo unayotia kwenye keki mnaiitaje?"

"Ipi? Arki?"

"Arki ya nini?"

"Ya lavani, mwanangu. Ya waridi ipo, ya ndizi ipo. Kwani nyie huko mnasemaje?"

Sikuwa na la kumjibu.

Arki ni neno fupi, la nyumbani, ambalo kila aliyekulia karibu na jiko la pwani amelisikia, hasa ikikaribia Idi, wakati visheti na keki vinapochanganywa nyumba hadi nyumba. Lakini jiko limelihifadhi bila kulisimulia. Mzizi wake ni neno la Kiarabu araq, na maana yake ni jasho. Fikiria chungu juu ya moto, ndani yake petali za waridi na maji. Mvuke unapanda, unakutana na chuma cha baridi, unageuka matone, na matone yanateremka kwenye uso wa chombo kama yanavyoteremka kwenye paji la uso la mchukuzi wa bandarini saa saba mchana. Waarabu wa kale waliona matone hayo wakayaita kwa jina la kitu kinachofanana nayo. Chungu kimetoka jasho.

Kutoka kwenye jasho hilo Kiswahili kilipata mabinti wawili. Araki akawa pombe kali, ndugu wa raki ya Waturuki na araki ya Walebanoni yenye harufu ya anisi. Arki akabaki jikoni, akawa tone la harufu linalotiwa kwenye sharbati, faluda na keki. Irabu moja tu ndiyo inayowatenganisha. Kila mmoja alikwenda nyumba yake, na sidhani kama kuna mtu anayewataja pamoja, mpaka siku anapopata chupa kama ya jirani yangu, ambamo mabinti hao wawili wamekutana tena.

Msomaji makini atanizuia hapa. Atasema: kitu cha jirani yako hakikupikwa kwa mvuke, kililowekwa tu; jasho liko wapi? Ni swali la haki. Ninayo majibu mawili. La kwanza ni dogo: vodka yenyewe ni jasho, kwa maana imepitia mvuke na baridi kabla ya kuingia chupani, na ndiyo inayobeba harufu. La pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu vanila kabla haijafika Dar es Salaam, kabla hata haijapanda basi.

Ganda bichi la vanila halinukii vanila. Ukilivunja shambani utapata harufu ya majani tu. Ile harufu tunayoijua imefungwa ndani, imeshikamana na sukari, na lazima kitu kiifungue. Kwa hiyo mkulima huyachukua maganda yaliyokomaa, ncha zikianza kugeuka manjano, akayachovya katika maji ya moto ya nyuzi kama 63 hadi 65 za Selsiasi kwa dakika tatu hivi. Maji hayo huua uhai wa ganda bila kuviua vimeng'enya vyake, ambavyo sasa huanza kuikata harufu kutoka kwenye sukari. Kisha maganda huviringwa yangali moto katika mablanketi ya sufu na kufungiwa ndani ya sanduku. Kesho yake yakifunuliwa yamekuwa kahawia, yameloa, yanang'aa kwa unyevu uliotoka ndani yake. Wataalamu wa vanila huiita hatua hii kutoa jasho. Baada ya hapo huanikwa juani kwa saa chache, yakaviringwa tena yakiwa na joto, kesho vilevile, wiki baada ya wiki. Halafu hukaushwa kivulini, halafu huwekwa kwenye masanduku kwa miezi kadhaa. Kilo tano au sita za vanila mbichi huzaa kilo moja iliyo tayari.

Kwa hiyo jasho lilikuwapo, tena mara mbili: jasho la ganda ndani ya blanketi huko Muleba na jasho la nafaka katika mitambo ya vodka. Neno la shangazi lilikuwa sahihi kuliko alivyojua, na kuliko nilivyojua mimi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye blanketi hilo, maana kuna neno jingine humo linalohitaji kuokolewa. Nimewahi kusoma mwongozo wa kilimo ulioiita hatua hiyo uchachushaji. Sikubaliani nao. Kuchacha ni kwa togwa, unga wa mkate, maziwa mgando, vitu vinavyofanyiwa kazi na hamira au vijidudu na kuishia kuwa vikali mdomoni. Hapa kazi kubwa inafanywa na ganda lenyewe, kwa vimeng'enya vyake, likiwa limefunikwa na joto lake. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo, kila mwenye migomba anakijua: kuvumbika. Tunavumbika ndizi kwa kuzifunika majani ndani ya shimo au pipa mpaka zigeuke. Hatuzipiki, hatuzichachui, tunazifungia na joto lao zijimalize. Vanila huvumbikwa. Nilipomwambia jirani yangu alicheka akasema mama yake kijijini angeelewa mara moja, bila mafunzo yoyote.

Na lavani je? Jirani yangu husema vanila, kama wasemavyo Kagera na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako neno lilikuja kwa mlango wa Kiingereza. Shangazi husema lavani, na ndani ya lavani mna Kifaransa kizima: "la" ni kile kineno ambacho Wafaransa hutanguliza mbele ya nomino ya kike, na kilichofuata ni jina lenyewe, vanille. Masikio ya visiwani hayakusikia maneno mawili. Wakomoro husema lavani, Wamorisi katika Krioli yao husema lavani, Wamalagasi husema lavanila. Wala tusiwashangae, kwa sababu sisi tumefanya hivyohivyo kwa Kiarabu: alfajiri, alasiri, Alhamisi zote zimebeba "al" yao mgongoni kama mtoto aliyelala. Kwa kuwa Wangazija wamekaa Unguja vizazi vingi, naamini neno hilo lilipita kwao kabla ya kufika jikoni kwa shangazi. Nalipenda kwa sababu hiyo. Vanila ni jina la mmea. Lavani ni jina la mmea pamoja na safari yake baharini.

Safari hiyo ina jambo zito ambalo mpenda maneno hawezi kulipita. Mmea huu ni wa Meksiko, na watu wa kwanza wanaojulikana kuutunza ni Watotonaki wa pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Huko una nyuki wanaolichavusha ua lake. Ulipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ulistawi, ukachanua, na haukuzaa, maana hapakuwa na mdudu wa kufanya kazi ile, na ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu likanyauka. Mwaka 1836 Charles Morren alifaulu kulichavusha kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, lakini njia yake haikufaa shambani. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon ambacho leo ni Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 alichukua kijiti chembamba, akainua kile kiwambo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, akazikutanisha kwa kidole gumba. Sekunde chache. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika leo Madagaska, Komoro, Uganda na Muleba. Mtoto huyo aliitwa Edmond, basi. Mtumwa hakuwa na jina la ukoo. Jina la pili, Albius, alipewa utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1848. Alikufa mwaka 1880, maskini.

Tukumbuke pia watu wetu walivyofika visiwa hivyo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Kutoka pwani hii walikwenda watu. Kutoka visiwa vile lilirudi neno, na ndani ya neno hilo harufu ya keki ya Idi. Sisemi hivi ili mtu aiache keki. Nasema ili anayetamka lavani ajue neno hilo limepita mikononi mwa nani.

Turudi kwenye kazi ile ya Edmond, maana ina kitenzi kidogo cha kuwafurahisha wapenda lugha. Sisi husema kuchavusha, kutoka chavua, na ni istilahi nzuri isiyo na deni kwa mtu. Huko Réunion wanawake wanaofanya kazi hiyo huitwa kwa Kifaransa marieuses, yaani waozeshaji: wanaliozesha ua. Kwa Kiswahili picha hiyo ingekuwa na hatari, kwa kuwa kuoza binti na kuoza kwa embe ni matamshi yaleyale, na hakuna mkulima wa vanila anayetaka kulisikia neno la pili shambani mwake. Tubaki na kuchavusha.

Jina la tunda lenyewe bado linanisumbua. Nimekutana na "maharage ya vanila", tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza, na haifai: vanila ni okidi, haina undugu na maharage, na mnunuzi anaweza kutarajia punje za kupika. Waazteki waliiita tlilxochitl, ua jeusi, ingawa ua lake ni la manjano yenye ukijani. Walilipa ua rangi ya ganda lililokwisha kuvumbikwa, wakataja mwanzo kwa jina la mwisho. Wahispania waliona umbo. Ala ya upanga kwao ni vaina, na hiki kitu chembamba kirefu kilikuwa ala ndogo, vainilla. Kwa hiyo kila tunaposema vanila, tunasema ala ndogo ya kisu bila kujua. Nilitamani kulirudisha neno ala, lakini sikuthubutu, kwa sababu mteja wa keki hapaswi kuanza kufikiria visu. Ganda linatosha. Tunasema ganda la kunde, ganda la mbaazi, ganda la ukwaju. Ganda la vanila linaeleweka, mradi tu lisichanganywe na maganda ya kutupa.

Sasa kazi ya jikoni, ambayo ni nyepesi kuliko maneno yake. Kiwango kilichowekwa na sheria ya Marekani, ambacho wapishi wengi duniani hukifuata, ni kileo kisichopungua asilimia 35 na vanila kavu kama gramu 100 kwa kila lita. Kwa chupa ya mililita 250 hiyo ni gramu 25, yaani maganda saba au manane ya kawaida. Jirani yangu huyapasua kwa urefu, akiacha yameungana kidogo kwenye ncha, huyakata yaenee chupani, humwagia vodka ya asilimia 40 mpaka yazame yote. Ganda linaloachwa kichwa nje ya kimiminika huota ukungu. Wiki ya kwanza huitikisa chupa kila siku, baadaye mara moja kwa wiki, na huiweka gizani mbali na jiko. Vodka huchaguliwa kwa sababu haina harufu ya kushindana; konyagi nayo, ambayo jina lake lilianzia mji wa Cognac huko Ufaransa, ina asilimia 35 na hufika kiwango, ila huja na ladha yake. Gongo kamwe: ni haramu kisheria, na hujui kilichomo. Spiriti ya kusafishia vidonda kamwe, hata kwa tone.

Kwa nini kileo na si maji? Kwa sababu harufu kuu ya vanila, vanilini, huyeyuka kwa shida katika maji baridi na kwa urahisi katika kileo, na kuna viambato vingine zaidi ya 200 vinavyoisindikiza, vingine vya namna ya utomvu visivyosikia maji kabisa. Kileo huvitoa hivyo, na maji yaliyomo ndani ya vodka hutoa rangi na utamu. Vyote viwili vinahitajika.

Swali ambalo kila mtu humuuliza ni "itaiva lini?" Hapo nilimwambia awasahihishe wateja wake kwa upole. Arki haiivi. Ndizi huiva, ubwabwa huiva, jipu huiva. Arki hukolea. Tunasema chai imekolea tangawizi, mchuzi umekolea chumvi, na tunamaanisha kwamba kitu kimeingia ndani ya kingine mpaka huwezi kuvitenganisha. Wiki nane ni mwanzo wa kukolea. Miezi sita ni kukolea hasa. Mwaka mzima ni bora zaidi. Kitenzi hicho kina subira ndani yake ambayo kuiva hakuna, maana kinachoiva kisha huoza, na kilichokolea hukaa.

Kwa uzito wa arki pia hatuhitaji kukopa. Wazalishaji wakubwa hutengeneza arki yenye vanila mara mbili, na kwa Kiingereza huihesabu kwa neno linalomaanisha mkunjo. Ukilitafsiri unapata nguo kabatini. Lakini mama yeyote wa pwani anajua kupima kitu kilichotolewa ndani ya kingine: ana tui zito na tui jepesi, tui la kwanza na la pili. Arki nzito, arki nyepesi. Maganda yanayobaki baada ya kuchuja ni machicha yake, na kama machicha ya nazi bado yana kazi: jirani yangu huyakausha na kuyafukia ndani ya mkebe wa sukari, na baada ya wiki mbili sukari ile inanukia.

Tulikuwa tumefika hapo, jina limepatikana, alipokuja mteja wake wa siku nyingi, mama wa Kiislamu anayeagiza keki za harusi. Aliishika chupa, akainusa, akasifu. Kisha akauliza, "Imetengenezwa kwa nini?" Jirani yangu alimjibu kama ilivyo, naye akairudisha mezani taratibu, akashukuru. Hakukasirika. Alisema tu angependa kujua mapema, kwa sababu chupa ya dukani ikiandikwa arki yeye hujua cha kutarajia.

Maneno yake yalinifikirisha kuliko kamusi zote. Neno arki linaficha araki ndani yake, na lebo isimwache mtu agundue hilo mezani. Kwa wateja wa namna yake jirani yangu sasa huloweka katika gliserini ya chakula, ambayo ni tamu kidogo, inakolea polepole na haifikii nguvu ya ile ya kwanza, au huwauzia sukari ya vanila. Na neno alkoholi lenyewe lina kisa chake, kwani limetokana na al-kuhl ya Waarabu, ule unga mweusi laini ambao sisi tunauita wanja wa manga. Kutoka unga uliosagwa mno, maana ilihamia kwa kitu chochote kilichosafishwa mno, hatimaye ikatua kwenye kileo. Maneno husafiri hivi. Watu wanaoyala na kuyanywa wanastahili kuambiwa yamefika wapi.

Limebaki suala la chupa za shangazi. Nyingi za zile tunazonunua kwa bei ndogo hazijawahi kukutana na ganda. Vanilini ilitengwa kutoka vanila mwaka 1858 na Nicolas-Théodore Gobley, na mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann wakaitengeneza kutoka kwenye utomvu wa msonobari. Leo nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Ni kiambato kilekile hasa, si sumu, na biskuti ya mtoto haina haja ya kitu cha ghali. Lakini ni sauti moja iliyotolewa kwenye kwaya ya mia mbili. Hapa nina msimamo: kwa kilichotengenezwa kiwandani tuseme harufu ya vanila, kwa kuwa ndicho ilicho. Arki ya lavani tuiache kwa kile kilichotoka ndani ya ganda. Mkulima wa Muleba anayelichavusha ua moja moja asubuhi, akangoja miezi tisa ganda likomae, akavumbika na kuanika kwa miezi mingine, asishindanishwe rafuni na jina lake mwenyewe.

Najua shangazi ataendelea kuziita zote arki, na simsahihishi. Yeye ndiye aliyenipa neno. Naomba tu wanaochapisha lebo, wanaotunga mitaala ya upishi na wanaoandika mapishi magazetini walitumie kwa umakini huo.

Jioni ile tulibandika karatasi tatu. Niliandika kwa mkono, kwa wino usiofutika: Arki ya Lavani. Maganda ya vanila ya Muleba, gramu 100 kwa lita. Imelowekwa miezi sita katika vodka ya asilimia 40. Ina kileo.